Mtumbwi Uliowekwa Juani

Juzi nilikuwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa kaskazini mwa Dar, nimempelekea mpishi wao vitunguu. Kazi yangu ya sasa ndiyo hiyo. Ya mwaka jana ilikuwa nyingine, na ya mwakani sijui. Wewe unanijua, mie sikai. Nikiwa nangoja magunia yangu matupu, niliteremka mpaka mchangani nikakuta vijiboti vya plastiki vya mtu mmoja mmoja, vyekundu na vya manjano, vimepangwa juani kama samaki wa kuanika. Wageni huvikodi wakaingia navyo kwenye mikoko, wakavua kwa ndoano, na wakimpata samaki wanapiga naye picha halafu wanamrudisha majini.

Kijana wa kuvilinda alikuwa amelala kivulini. Nikamwamsha.

"Mwanangu, mbona mmeviacha na jua hili? Vimwagieni maji."

Alinitazama kuanzia miguuni kupanda juu. "Mama, hii plastiki. Haipasuki."

"Najua."

"Sasa?"

Ndoo yake ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikaiweka chini, nikaondoka. Njia nzima mpaka mjini nilikuwa namwona bibi yangu.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kule Temeke ya pembeni, mji ulikokuwa unaishia siku hizo. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, njia zilikuwa mchanga mtupu, na nyuma ya nyumba ya mwisho ardhi ilishuka taratibu ikawa tope, kisha mikoko, kisha maji ya chumvi yaliyoingia na kutoka kwenye vijito vyembamba kama vidole. Uhuru tulikuwa tumeshaupata, na maneno mapya yalikuwa yanatufikia kama mvua: ndugu, kikundi, kupe, mnyonyaji. Sukari ilipangiwa foleni. Sisi watoto tulijifunza kupanga foleni kabla ya kujifunza kusoma.

Bibi alikuwa mvuvi. Wanawake wengine walitanda uduvi kwa kitambaa ukingoni, maji ya magoti, wakiimba. Yeye alikuwa na mtumbwi. Alichongewa na babu kabla hajafa, kwa gogo la mwembe, mwembamba mno, wa mtu mmoja na nusu, na nusu hiyo nilikuwa mie. Nilikaa mbele nimekunja miguu ili mtumbwi usinyanyue pua. Bibi alisimama nyuma na pondo, akausukuma mti ule mrefu kwenye tope, na tuliteleza chini ya matawi bila sauti yoyote isipokuwa kaa wakikimbilia mashimoni. Tope lilinuka yai viza. Mbu walitula. Chaza waliong'ang'ania mizizi walikuwa wakali kama wembe, nikisahau nikashika mzizi damu ilitoka kabla ya maumivu.

Huruma hakuwa nayo, nisikudanganye. Siku moja mwiba wa hongwe, yule samaki wa topeni mwenye sharubu, ulinichoma kiganja, na sumu ya hongwe mtu mzima humlaza. Nilipiga yowe. Bibi akasema bila kugeuka, "Lia kimya, unafukuza samaki." Tulivua mpaka maji yalipogeuka, mkono wangu umevimba kama andazi, ndipo aliponipeleka nyumbani akaukanda kwa maji ya moto, na hapo napo akanifinya kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Samaki wake alikuwa mkizi. Unajua tabia ya mkizi: ukimshtua hakimbii kama wenzake, anakasirika anaruka. Bibi alisimamisha jamvi kuukuu ubavu mmoja wa mtumbwi, kama ukuta, kisha akapiga maji upande wa pili kwa ubapa wa kafi. Wakaruka. Wakagonga jamvi wakaanguka ndani, wengine usoni pangu, wamoto kwa hasira, na bibi akawamaliza mmoja mmoja kwa mpini wa kafi. Kila aliyempiga alimpa jina la mtu. "Na wewe karani wa duka, uliyenipunja sukari." Pa. "Na wewe wifi yangu." Pa. Maadui wote wa bibi niliwajua kwa njia hiyo. Jioni tuliwala kwa tui la nazi na ndimu, ugali wa muhogo pembeni, na sijawahi tena kula chakula kitamu namna ile, pamoja na miji yote niliyopita.

Tukimaliza kuvua, mtumbwi hatukuuvuta nchi kavu. Mti wa mwembe ukipigwa na jua baada ya kuzoea maji hupasuka. Wavuvi wote wa kule walijua, hata watoto. Tuliujaza maji, tukaulaza kwenye kijito chini ya mkoko mkubwa ulioinama, tukaukandamiza kwa mawe, na tope likaufunika. Siku ya pili tuliufukua.

Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi, mke wa kuli wa bandarini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua nazi. Bibi alikuwa Mzaramo. Basi walikuwa watani, na mtani, kama ulivyolelewa nawe, hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Sikumsikia hata siku moja akimsalimia bibi kwa heshima. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua chungu, akachukua samaki mnene kuliko wote, akamla amesimama.

"Mzaramo huyu," alisema mdomo umejaa, "anajua kupika ila hajui kulima. Mungu ana haki yake."

"Kula, mpagazi," bibi alijibu. "Wazee wako walibebeshwa pembe kutoka Tabora mpaka hapa, hawakupewa hata mfupa."

"Walipewa wake wa Kizaramo wakawakataa. Wazito kulala, wepesi kula."

Mie nilidhani siku moja watauana. Mpaka bibi alipougua homa, nikamwona mtani yule anamlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimwambia afe upesi amwachie masufuria. Bibi alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona bibi akishikwa mkono na mtu.

Ndipo kikaja kikundi. Wavuvi wote wa pale waliambiwa waungane, mitumbwi iwe ya pamoja, nyavu ziwe za pamoja, samaki wauzwe pamoja. Wengi walikubali, na baadhi kwa moyo kabisa. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mtu wa palepale, mtoto wa mvuvi, aliyelala ndani ya mitumbwi tangu anyonye. Alikuwa na suti ya kaki na kalamu mfukoni, na sauti ya upole sana. Wanaume wangekwenda maji makubwa. Wanawake wangengoja ufukweni wapae magamba.

Bibi hakukataa wala hakukubali. Alisema jikoni kwake tu, "Nikae napaa magamba ya samaki wa watu, wangu atanivulia nani?" Aliendelea kuingia mikokoni alfajiri kama kawaida, na mtumbwi wake aliulaza topeni kama kawaida.

Siku ya mkutano tulikusanyika kwenye uwanja wa ofisi, watu wazima kwenye mabenchi na sie watoto chini. Mwenyekiti aliwataja waliokabidhi mitumbwi, watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia bibi.

"Bi mkubwa, shikamoo. Na wako uko wapi?"

"Marahaba. Umeoza."

"Umeoza lini? Wiki iliyopita watu wamekula mkizi wako."

Na hapo mtani akasimama. Alisimama kama alivyosimama kwenye kila ngoma na kila harusi, kiuno mbele, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mwenyekiti, usimsumbue mfiwa," alisema. "Mtumbwi umekufa, kauzika mwenyewe. Kauvika sanda ya tope. Kaburi liko pale kwenye mkoko ulioinama, hata ubao hajaweka, bahili huyu. Nendeni mkasome dua."

Watu walivunjika mbavu. Hata bibi, nilimwona, pembe ya mdomo ilicheza. Ulikuwa utani mzuri. Angeusema kwetu jikoni, wangecheka mpaka jioni.

Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kitu kwa kalamu yake, akauliza kwa upole uleule, "Mkoko upi, mama?"

Kicheko kilikatika upande wa mbele kwanza, kisha katikati, kisha nyuma. Mtani alibaki amesimama na kiuno chake.

"Nilikuwa namtania," alisema. "Huyu mtani wangu."

"Naelewa. Mkoko ulioinama."

Kabla ya adhuhuri mgambo walikuwa wameufukua. Waliuleta mabegani unachuruzika tope, wakauweka kwenye uwanja ule juu ya mapipa mawili, mdomo juu, katikati kabisa ambako kivuli hakifiki saa yoyote. Ilikuwa miezi ya joto, ile ambayo mchanga unaunguza nyayo. Mwenyekiti akamwambia bibi mbele ya watu wote kwamba hakuna aliyemnyang'anya. Siku atakayosimama hapo aseme alificha mali ya wote na anaomba radhi, mtumbwi utarudi majini jioni hiyohiyo, pamoja na mitumbwi ya wenzake.

"Na mpaka siku hiyo?" bibi aliuliza.

"Mpaka siku hiyo utapumzika hapa."

Alijua. Mtoto wa mvuvi yule alijua jua linafanya nini, na wavuvi waliokaa kwenye mabenchi walijua pia, wakatazama vidole vyao vya miguu. Kwao mkutano ulikuwa umekwisha. Kwetu ulikuwa umeanza, maana mtumbwi ule ndio uliokuwa chakula chetu, na kila siku uliyokaa pale mti ulikuwa unakauka.

Asubuhi iliyofuata bibi aliniamsha, akanipa ndoo. Tulikwenda kijitoni tukachota maji ya chumvi, tukayabeba kichwani mpaka ofisini, akayamwaga ndani ya mtumbwi na kuupaka nje kwa kitambaa. Mgambo hakujua afanye nini. Yangekuwa maji ya bomba, mali ya wananchi, angetukataza. Maji ya bahari hayakuwa na mwenyewe. Alikwenda kumuuliza mwenyekiti, akarudi akasimama kando, mikono nyuma.

"Mwache amwagilie," alituambia mwenyekiti amesema. "Labda utaota."

Neno hilo lilikimbia mtaani kuliko sisi. Kila tulipopita na ndoo zetu watu waliuliza, "Bibi, umeshatoa majani?" "Ukizaa matunda utatukumbuka?" Shuleni waliniita Mwagilia. Mwalimu mwenyewe aliniita hivyo siku moja, darasa likalipuka, naye akatabasamu akiangalia ubao. Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi siendi tena kubeba maji.

"Kwa nini, mke mwenzangu?"

"Wananicheka."

"Wacheke. Meno yao yatakauka kabla ya mtumbwi." Akaniwekea ndoo kichwani, akaiongeza maji mpaka ukingoni.

Asubuhi tulimwaga, mchana tulimwaga, na jua lilikunywa. Kufika saa nane ndani ya mtumbwi kulikuwa kumebaki ukoko mweupe wa chumvi. Chakula kilikuwa muhogo mkavu. Usiku nililala na njaa, na bibi hakusema pole, alisema tu kwamba njaa haijawahi kumwua mtu anayelala chali.

Mtani alikuja siku ya pili au ya tatu, na ndoo yake. Hakusema kitu, jambo ambalo lilitosha kututisha. Alitufuata nyuma mpaka ofisini, akaiweka ndoo yake karibu na mapipa. Bibi alimaliza yetu, kisha akaichukua ile ya mtani, akaimwaga mchangani polepole, akamrudishia.

"Mtani," yule mama alisema.

Bibi alikuwa anakamua kitambaa.

"Mtani, hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Huyu bwana anakupigia maji uruke. Mwombe radhi yake, si maneno tu? Mie naomba radhi kwa mume wangu kila Ijumaa na sijawahi kumaanisha."

Mgambo alicheka. Mie nilicheka. Bibi alibeba ndoo tukaenda zetu.

Jioni yake mtani alileta sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka ndotoni. Wenye majahazi huyapaka mbao zao zisinywe wala zisipasuke. Kopo zima, na siku hizo kupata kopo zima ilikuwa lazima uwe umembembeleza mtu. Aliliweka mlangoni kwetu. Nilimwangalia bibi. Tungepaka mafuta yale usiku ule, mtumbwi ungeweza kungoja mpaka mvua. Hata mie mtoto nilijua.

Bibi alilivuka kopo akaenda kukoka moto. Asubuhi alilivuka tena. Nilijaribu kulibeba pamoja na ndoo. Alinipiga kofi nikaliangusha, na tukaliacha limelala ubavu, mafuta yanaingia mchangani taratibu, sisimizi wanakuja.

Uliniuma sana moyo siku ile, na bado. Mwenyekiti alituwekea jua. Mafuta tulinyimwa na bibi.

Mtumbwi ulipasuka mchana, nikiwa natoka shule. Niliusikia nikiwa bado njiani, mlio mkavu kama mtu aliyevunja kuni kwa goti. Nilipofika bibi alikuwa ameshafika, sijui alisikiaje kutoka nyumbani. Ufa ulikuwa umetoka puani ukapita katikati mpaka alipokuwa anasimama yeye na pondo. Aliingiza vidole ndani ya ufa, kama mtu anayepima kina cha jeraha, akavitoa. Hakulia. Watu walianza kukusanyika, na safari hii hakuna aliyeuliza kuhusu majani.

Mwenyekiti alitoka ofisini akifunga vifungo vya shati. Aliutazama mtumbwi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, ndivyo nilivyoiona.

"Pole sana, bi mkubwa. Sasa unaweza kuuchukua."

Aliuchukua. Hakuna mwanaume aliyesogea kusaidia, walikuwa wanachama. Alishika puani, mie nyuma, tukauburuta kwenye mchanga kuelekea nyumbani, na kila tulipoukwaza kwenye kisiki ufa uliongezeka.

Mtani alikuwa anatungoja kwenye kona. Alikuwa amejipaka majivu usoni, amevaa koti la mumewe kinyume na kofia ya ukindu. Alipotuona alijitupa chini njiani, chali, miguu upande huu na kichwa upande ule, akaanza kulia kwa sauti ya kupasua masikio.

Huenda siku hizi watoto hawajui, basi nikukumbushe. Ukifiwa, mtani ndiye anayezuia maiti. Hujilaza mlangoni au njiani, humkejeli marehemu, hukataa kuondoka mpaka umpe chochote, hata kitambaa, hata tusi zuri. Ukimpa, anaamka, na mnakwenda kuzika mkiwa mmecheka. Hakuna anayemkasirikia. Kwa njia hiyo huzuni huvunjwa miguu.

"Maiti haipiti," mtani alilia. "Alikuwa mwembamba, mvivu, tumbo wazi, ameishi majini akafa kwa kiu. Haipiti mpaka nilipwe. Nilipeni. Hata gamba la samaki nilipeni."

Watu walianza kucheka kwa woga, wakimtazama bibi. Majivu yalikuwa yamelowa mashavuni kwa mtani, na bado alikuwa anapiga miguu mchangani. Bibi alisimama. Mie nilimwomba Mungu bibi amtukane. Amwite mpagazi, amwite jizi, amwambie akafie Tabora. Neno moja tu.

Bibi aliinama kidogo, kwa adabu.

"Naomba unipishe, mama," alisema.

Mtani alijizoa mchangani, akavua kofia ya ukindu, akasimama kando ya njia. Tulipita.

Mtumbwi tuliupasua kuni. Zilidumu muda mrefu na moto wake ulikuwa na rangi ya kijani kwa ajili ya chumvi. Zilipokwisha, bibi alikwenda ufukweni kupaa magamba ya samaki wa kikundi, kwa kuwa mie nilitakiwa kula, na mwenyekiti alimsalimia shikamoo kila asubuhi. Na kila asubuhi pia, kabla hajatoka, bibi alisimama uani akamsalimia jirani. "Habari za kuamka, mama." "Njema, mama. Za kwako?" "Njema, tunashukuru." Chungu chetu hakikufunuliwa tena. Wakiazimana chumvi walirudishiana mpaka punje.

Kikundi kilikufa chenyewe miaka michache baadaye, mitumbwi yake ikaozea ufukweni. Mikoko ilikatwa ikawa boriti na mkaa. Baada ya kutoka hotelini juzi nilikwenda mpaka kule kwetu. Kijito kimefukiwa kifusi, juu yake pana ukuta mrefu wenye vipande vya chupa na ndani malori yanatengenezwa. Niliwauliza vijana wawili waliokuwa wanafungua tairi kama wanajua palikuwa na maji. Mmoja akasema labda enzi za Mjerumani. Ofisi ile ni duka la simu.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Ndugu walikuja kutoka Kisarawe na kutoka Mbagala, watu wengi, uwanja ulijaa mikeka. Mtani alikuja mapema kuliko wote. Alivaa kanga mpya, akakaa na wanawake wengine, akalia kwa utulivu, akijifuta kwa pindo. Ukoo ulimtazama yeye. Mjomba alikuwa ameshaandaa kitu cha kumlipa, alikishika mkononi. Wanaume waliponyanyua jeneza walisimama kidogo mlangoni, wakangoja.

Mtani aliinuka pamoja na wenzake, akasogea kando kuwapisha, akainamisha kichwa. Jeneza la bibi likatoka, likapita njia nzima mpaka makaburini moja kwa moja, kama la mgeni.